Damu ya Majengo na Hati za Wakubwa

Mtu wa pwani afikaye Nairobi kutafuta jamaa zake aghalabu huelekezwa Majengo. Atavuka soko la Gikomba, atajipenyeza baina ya marobota ya mitumba na mikokoteni, kisha ghafla atajiona yuko katika mji anaoujua: nyumba zenye ukumbi katikati na vyumba vinavyokabiliana, kibaraza mbele, mahamri kwa mbaazi asubuhi, na adhana ya msikiti wa Riyadha. Jina lenyewe, Pumwani, ni la kwetu, na Majengo ziko Mombasa pia. Mimi ni mkaazi wa Shauri Moyo, hapo jirani tu, na jioni nyingi huwa nimekaa katika vibaraza hivyo. Leo nataka kuandika juu ya jambo ambalo wasomaji wengi hawatalihesabu kuwa ni utamaduni. Nataka kuandika juu ya hataza.

Hataza ni hati ambayo serikali humpa mvumbuzi ili, kwa muda wa miaka 20, mtu mwingine asiutengeneze wala asiuuze uvumbuzi wake bila ruhusa. Ruhusa hiyo ndiyo leseni, na malipo yake ndiyo mrabaha. Hapa Kenya hati hizo hutolewa na Taasisi ya Mali ya Viwandani, KIPI. Watu hudhani kwamba wenye hataza ni makampuni peke yake. La hasha. Serikali zenyewe, kwa mikono ya mabaraza yao ya utafiti, vyuo vyao na idara zao, humiliki hataza chungu nzima na kuzikodisha kwa wenye viwanda. Basi swali langu ni hili: chombo cha serikali kinapomiliki elimu iliyotoka katika mwili wa raia, je, kinaimiliki kama mwenye mali, au kama msimamizi wa wakfu?

Siulizi swali la kufikirika. Jambo hili limepita hapa Majengo.

Pumwani ilianzishwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920 iwe makao ya Waafrika wa mji. Vijiji vya awali, kimojawapo kikiitwa Mombasa na kingine Maskini, vilivunjwa na watu wake wakahamishiwa huko. Pangani ilikawia kidogo. Nayo ikabomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wenye nyumba wake wakapewa Shauri Moyo. Miongoni mwa wenye nyumba hao walikuwamo wanawake wengi. Mwanahistoria Luise White alizungumza na wazee wa mitaa hii, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1990 akaonyesha jinsi wanawake waliofika mjini mikono mitupu walivyojenga nyumba kwa pesa za kazi ambayo hatupendi kuitaja mbele ya watoto. Wengi wao waliingia katika Uislamu, wakazeekea hapa, wakazikwa na jirani zao. Nayasema haya mapema ili msomaji asikunje uso nitakapofika mbele. Sitara ni jambo jema, lakini hatukuamrishwa kuifanya pazia la kufichia deni.

Mwaka 1985 madaktari wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba cha Kanada, walianza kuwatibu na kuwachunguza wanawake wa Majengo waishio kwa kazi hiyo. Nia yao ya awali ilikuwa ni magonjwa ya zinaa ya kawaida. Walipoipima damu kwa ajili ya virusi vya UKIMWI, ugonjwa ambao siku zile hata jina lake lilikuwa geni masikioni, walikuta kwamba karibu thuluthi mbili ya wanawake hao wamekwisha kuambukizwa. Msiba huo ungetosha. Lakini miaka ilivyopita, Daktari Frank Plummer na wenzake waliona kioja: wako wanawake wachache waliokabiliana na virusi hivyo mwaka baada ya mwaka, na damu yao ikabaki salama. Habari hizo zilichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1996. Mwaka 1998 watafiti wa Nairobi na Oxford wakaonyesha kwamba katika damu ya baadhi yao zimo seli za kinga zinazozitambua na kuziua chembe zilizoingiliwa na virusi.

Fikiri, ewe msomaji, uzito wa jambo hilo. Ulimwengu mzima ulikuwa ukitafuta dalili kwamba mwili wa binadamu waweza kuvishinda virusi hivi, na dalili ikapatikana katika vyumba vya kupanga nyuma ya Gikomba. Na haikupatikana bure. Mwaka 2001 watafiti walieleza kwamba baadhi ya wanawake hao, walipopumzika kazi kwa muda kisha wakairudia, waliambukizwa. Ina maana kinga ile huenda ilishikiliwa na hatari yenyewe. Sijui elimu nyingine iliyonunuliwa kwa bei kama hiyo.

Bibi mmoja wa mtaa huu, ambaye jina lake nitalihifadhi, alikwenda kliniki kwa miaka mingi. Sasa ni mtu mzima, anauza viungo na ubani mbele ya mlango wake. Nilipomwuliza habari za siku zile alinitazama kwanza, kama apimaye kama nafaa kuambiwa.

"Mwanangu, mimi sikatai," akasema. "Dawa walinipa, na hawakunitoza hata senti. Tena walinisalimu kwa heshima kuliko watu wa mtaani. Nikipeleka mtoto wangu, mtoto anatibiwa. Lakini damu yangu ilikotoka hapa sijui ilikwenda wapi, na sijui waliona nini ndani yake."

Nikamwuliza kama amewahi kusikia neno hataza. Akacheka. Akaniuliza kama ni jina la ugonjwa.

Ilikokwenda elimu ile ni Oxford. Huko, katika kitengo kilichogharimiwa na Baraza la Utafiti wa Tiba, ambalo ni chombo cha umma cha Uingereza, ikatungwa chanjo ya kujaribiwa, ikifuata aina A ya virusi, ile iliyoenea zaidi hapa Kenya. Fedha zikatoka kwa shirika la kimataifa la chanjo ya UKIMWI, IAVI, lenye makao New York. Nairobi ikawa mshirika katika kazi. Kisha mnamo mwaka 2000 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakapata habari kwamba ombi la hataza limekwisha kupelekwa Uingereza, nao hawakutajwa. Magazeti yakachacha, hapa na huko. Wakaitwa kikaoni, wakazungumza, na mwishowe ikakubaliwa kwamba chuo chetu kiwe na sehemu yake katika umiliki.

Siku zile sote tulishangilia, na mimi sikubaki nyuma. Tuliona kwamba Mwingereza amerudishwa mstarini. Ndipo baadaye sana, nikiwa kibarazani kwa yule bibi, nilipojiuliza ni nani hasa aliyeketi katika kikao kile. Liliketi baraza la utafiti la serikali ya Uingereza. Kiliketi chuo kikuu cha serikali ya Kenya. Liliketi shirika lenye fedha. Ugomvi ulikuwa wa taasisi na taasisi, na suluhu ikawa ya taasisi na taasisi. Wanawake wa Majengo hawakuwa na kiti, na hata sisi waandishi, katika kelele zetu za uzalendo, hatukukumbuka kuwaulizia.

Mtu atanikatiza hapa aseme: ugomvi wa nini basi, na chanjo yenyewe haikufaulu? Ni kweli. Majaribio yalianza Nairobi mwaka 2001, na kufikia mwaka 2004 ilionekana kwamba haiamshi kinga ya kutosha, ikawekwa kando. Hata leo hakuna chanjo ya UKIMWI iliyoidhinishwa popote duniani. Hakuna, kwa hiyo, mrabaha uliokwisha kuliwa. Lakini mikataba huandikwa kabla ya faida kuonekana, sawasawa na watu wanaoshirikiana jahazi: kila mmoja huijua sehemu yake kabla tanga halijapandishwa. Anayengoja samaki wapatikane ndipo aulize fungu lake atapewa vichwa.

Mwanasheria naye atasema jambo zito zaidi. Hataza, atasema, ni ya aliyevumbua. Mwanamke wa Majengo alitoa damu, hakuvumbua kitu. Aliyeipanga chanjo ni mtaalamu wa maabara. Na mahakama zimewahi kunena hivyo. Katika jimbo la California, Marekani, mtu mmoja aitwaye John Moore alitolewa wengu kwa sababu ya ugonjwa, na madaktari wa chuo kikuu cha jimbo hilo wakazifanya seli zake kuwa uvumbuzi. Chuo, ambacho ni mali ya umma, kikapata hataza mwaka 1984. Moore akashitaki. Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya jimbo ikaamua kwamba hana umiliki katika seli zilizokwisha kumtoka, ingawa daktari alikuwa na wajibu wa kumweleza nia yake.

Naikubali hoja hiyo nusu. Ni kweli kwamba bibi yangu si mvumbuzi. Lakini sikumdai uvumbuzi, nimemdai fungu na sauti, na hivyo viwili havihitaji cheti cha sayansi. Mbona ardhi ikipatikana madini, mwenye shamba hawi mhandisi na hata hivyo huulizwa?

Tena tazameni kinyume hiki. Katika Ziwa Bogoria, kule Baringo, mna chemchemi zinazochemka, na ndani yake huishi vijidudu vyenye vimeng'enya vya ajabu. Mwaka 1992 mtafiti kutoka Uingereza alichukua sampuli. Vimeng'enya vilivyotokana na kazi hiyo vikaingia katika sabuni za kufulia na katika viwanda vya kulainisha na kupausha suruali za jeans. Na huenda baadhi ya suruali hizo zimetua Gikomba katika marobota yale yale tunayoyaruka. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori, KWS, likasimama wazi kudai haki ya Kenya. Mwaka 2007 likatia saini mkataba na kampuni ya Novozymes ya Denmark juu ya kugawana faida za vijidudu vya nchi. Vema. Lakini ina maana kwamba kijidudu cha Bogoria kina shirika la serikali la kumsemea, na mwanamke wa Majengo hana! Na hata huko Bogoria, wenyeji wa ziwa, Waendorois, walikuwa wamekwisha kuondolewa katika miaka ya 1970. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu iliamua kwamba walidhulumiwa, na uamuzi wake ukatangazwa mwaka 2010. Serikali husema "chetu" kwa wepesi sana, na ndani ya neno hilo wenyewe hupotea.

Si serikali yetu tu. Mwaka 1995 wizara ya afya ya Marekani ilipata hataza juu ya seli zilizotokana na damu ya mtu wa kabila la Hagahai, huko Papua New Guinea. Kelele zilipozidi, mwaka 1996 wakaiacha. Hata hivyo ni Marekani hiyo hiyo iliyofanya jambo ninalolitaka lifanywe hapa. Wako wasomaji waliosikia habari za Henrietta Lacks, mwanamke mweusi aliyefariki Baltimore mwaka 1951, ambaye seli zake zilichukuliwa bila kuombwa ruhusa na zingali zikikua maabarani duniani kote. Mwaka 2013 taasisi za afya za serikali ya Marekani, NIH, zilipatana na jamaa zake kwamba mtafiti atakaye kuzitumia habari kamili za jeni zake apeleke ombi kwa kamati, na katika kamati hiyo wakakaa watu wawili wa ukoo wake. Hawakupewa mamilioni. Walipewa viti. Taasisi hizo hizo mwaka 2010 zilitoa leseni kwa shirika la Medicines Patent Pool la Geneva, bila kudai mrabaha, ili dawa ya UKIMWI iweze kufika nchi maskini. Hivyo basi, chombo cha serikali kikitaka, leseni yake yaweza kuwa na huruma ndani yake. Kampuni itasema lazima iwaridhishe wenye hisa. Serikali wenye hisa wake ni akina nani, kama si sisi?

Msomaji wa pwani asidhani kwamba haya ni mambo ya bara. Kilifi kuna kituo kikubwa cha utafiti cha KEMRI, ambayo ni taasisi ya serikali, kikishirikiana na Waingereza tangu mwaka 1989. Watoto wa Kilifi, na wenzao wa Bagamoyo, walidungwa sindano za majaribio ya chanjo mbili za malaria ambazo Shirika la Afya Duniani limezipendekeza, RTS,S mwaka 2021 na R21 mwaka 2023. Ya kwanza ilitungwa na kampuni kubwa ya dawa pamoja na taasisi ya utafiti ya jeshi la Marekani. Ya pili ilitoka Oxford ikapewa kiwanda cha India kwa leseni. Chanjo hizo zinaokoa watoto, na mzazi aliyekubali mwanawe ashiriki alifanya jambo la kheri. Ila nauliza: mama wa Kilifi anajua nini juu ya hati zile? Tuliposikia, mnamo 2007, kwamba kampuni ya Uingereza inataka kulisajili neno kikoi liwe alama yake ya biashara, tulipiga kelele mpaka ombi likaachwa. Kitambaa tulikipigania. Damu ya watoto wetu tunaitoa na kurudi nyumbani.

Sheria zetu si tupu. Katiba ya mwaka 2010 yaiamuru serikali kuzilinda haki za ubunifu za wananchi, na kuhakikisha kwamba jamii hulipwa fidia au mrabaha utamaduni wao unapotumiwa. Sheria ya mwaka 2016 imelinda maarifa ya jadi: mganga, msusi na mwimbaji wana pa kushika. Mkataba wa Nagoya wa mwaka 2010 unahusu mimea, wanyama na vijidudu. Lakini damu ya mtu haimo humu wala haimo mle. Kamati za maadili za utafiti zipo, na fomu za ridhaa zipo, lakini fomu ya ridhaa humwuliza mtu kama anakubali kudungwa. Haimweleze atakayeshika leseni miaka 10 baadaye, wala dawa itauzwaje katika duka la Gikomba.

Huku kwetu twaijua Tume ya Wakfu, chombo cha serikali kilichowekwa tangu enzi za Waingereza kuangalia mali zilizowekwa wakfu. Malalamiko juu yake hayakupata kuisha, na sitayarudia. Lakini hata mlalamikaji mkali kabisa hutegemea jambo moja, kwamba msimamizi si mwenyewe. Nyumba ya wakfu hupangishwa, kodi hukusanywa, na walengwa wameandikwa majina. Wakinyimwa, wana hati ya kumshika nayo msimamizi mkono. Nataka Chuo Kikuu cha Nairobi, KEMRI na kila chombo cha umma kitakachoshika hataza iliyotokana na miili ya watu wa mtaa fulani kiandike vivyo hivyo. Leseni yoyote itaje kwamba dawa itauzwa hapa kwa bei ambayo mtaa huo waweza kuimudu. Sehemu ya mrabaha, hata ikiwa ndogo, iende kwa kliniki ile ile na iendelee kwenda hata wafadhili wakiondoka. Na wanawake wenyewe wachague wawili miongoni mwao wakae katika kamati inayoamua sampuli zao zitumiwe na nani, kama walivyokaa jamaa za Lacks.

Yule bibi nilimsomea sehemu ya makala haya kabla ya kuyaleta. Pale pa viti viwili alinisimamisha, akaniuliza kama wataitwa asubuhi au mchana, kwa maana asubuhi huwa hana wa kumwachia biashara. Nikamwambia hakuna aliyeahidi bado. Akasema niandike hivyo hivyo, ila nisilitaje jina lake wala nyumba, kwani ana wajukuu madrasa. Kisha akanionyesha kadi yake ya kliniki, ameihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na kitambulisho na hati ya kodi ya chumba. Haina jina. Ina nambari tu, na wino umeanza kufifia.